Kanuni Iliyokataa Kufa: Uchambuzi wa Kisa cha Mamlaka ya Dharura Yaliyopitiliza Muda Wake

Kabla ya kuanza

Katika kisa hiki nilikuwa mmoja wa mawakili watatu wa upande wa walalamikaji. Nimeondoa majina ya watu, nchi, mto, wizara na mahakama, na tarakimu chache nimezisogeza ili mhusika asitambulike. Mfuatano wa matukio na hoja za kisheria nimeviacha vilivyokuwa. Msomaji akumbuke kwamba nilikuwa upande mmoja wa shauri. Nimejitahidi kuutendea haki upande wa pili, ingawa kujitahidi si kufaulu.

Usuli

Nchi husika ina katiba iliyoandikwa, bunge la kuchaguliwa na mahakama yenye uwezo wa kubatilisha sheria. Kuhusu hali ya hatari, katiba yake inafanana na nyingi za miongo ya karibuni. Mkuu wa nchi anaweza kuitangaza, lakini tangazo hufa lenyewe baada ya siku 14 Bunge lisipoliongeza, na kila nyongeza ina kikomo. Afrika Kusini wameweka siku 21, kisha nyongeza zisizozidi miezi mitatu mitatu. Ya kwanza hupita kwa wingi wa kawaida wa kura, zinazofuata zinahitaji asilimia 60 ya wabunge. Katiba ya Kenya ya 2010 inatoa siku 14, kisha miezi miwili miwili, na kizingiti cha kura kinapanda kutoka theluthi mbili hadi robo tatu. Kadiri dharura inavyorefuka, ndivyo kuiendeleza kunavyozidi kuwa kugumu.

Mbinu ya tarehe ni ya zamani. Dikteta wa Jamhuri ya Roma alikuwa afisa halali aliyepewa madaraka makubwa ili akabili hatari fulani, na muda wake haukuzidi miezi 6. Jamhuri iliishi na cheo hicho kwa karne nyingi. Kilichoiponza ni kuondolewa kwa kikomo, kwanza na Sulla, kisha na Caesar, aliyefanywa dikteta wa maisha mwaka 44 KK. Kifungu cha 48 cha katiba ya Weimar, Ujerumani, hakikuwa na tarehe kabisa. Kilisema tu kwamba amri za dharura zitafutwa Bunge likitaka. Amri iliyotolewa tarehe 28 Februari 1933, siku moja baada ya jengo la Bunge kuungua, ilisitisha uhuru wa mtu binafsi, wa maoni na wa kukusanyika. Bunge lililokuwa na uwezo wa kuifuta lilitekwa na Wanazi wa Hitler ndani ya wiki chache, na amri ikabaki hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1945.

Nchi ya kisa chetu ilikuwa na tarehe, na tarehe hiyo iliheshimiwa. Hapo ndipo kisa kinapopata ladha yake.

Mfuatano wa matukio

Mvua ilinyesha wiki tatu, mto ukavunja kingo zake, na hali ya hatari ikatangazwa katika wilaya mbili. Sina ugomvi na tangazo hilo. Watu walikuwa juu ya mapaa na daraja kuu lilikuwa limekwenda na maji. Siku ya 12 Bunge lilikutana, likajadili kwa saa tano na kuongeza miezi mitatu. Serikali ikautaarifu pia ulimwengu, kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwamba imepunguza baadhi ya haki kwa muda. Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 kinataka hivyo. Taarifa hiyo itarudi baadaye.

Kanuni za dharura zilikuwa 14. Zinazotuhusu ni nne. Ya 5 iliruhusu ofisa kuwaondoa watu katika majengo ya hatari, kwa nguvu ikibidi. Ya 6 ilikataza mkutano wa watu zaidi ya 20 bila kibali. Ya 9 iliruhusu kumshikilia mtu hadi saa 72 bila kumfikisha mahakamani. Ya 11 ilieleza nani ni "ofisa mwenye mamlaka", ikamtaka kila wiki apeleke orodha ya waliohamishwa na walioshikiliwa kwenye kamati ya Bunge.

Siku 7 kabla ya miezi mitatu kwisha, wizara ilitoa hati ya kurasa nne iitwayo Mwongozo wa Usalama wa Maeneo ya Hatari. Ilidai kutolewa chini ya sheria ya kawaida ya maafa, sheria ya zamani inayompa waziri uwezo wa kutoa miongozo ya "kuratibu misaada na kuhamisha watu". Hati haikuchapishwa katika Gazeti la Serikali wala haikuwekwa mezani bungeni. Ilisambazwa kwa nakala.

Ndani yake zilikuwamo kanuni za 5, 6 na 9, neno kwa neno. Ya 11 haikuwamo. Lakini aliyenakili alisahau kitu: kila penye "ofisa mwenye mamlaka" aliacha maneno "kama alivyoelezwa katika kanuni ya 11". Kwa hiyo hati ilimpa madaraka mtu aliyeelezwa katika kanuni isiyokuwepo. Kwa vitendo maana yake ilikuwa ofisa yeyote, na orodha ya kila wiki ikakoma.

Hali ya hatari ikaisha kwa siku yake. Serikali ikautaarifu tena Umoja wa Mataifa kwamba dharura imekwisha na haki zote zimerejea. Katika wilaya zile mbili hakuna aliyeona tofauti.

Miezi miwili baadaye, wakazi waliokuwa wamehamishwa walikutana kuzungumzia lini watarudi makwao. Walikuwa kama 60. Waliomba kibali, wakanyimwa kwa mdomo, wakakutana hivyo hivyo. Tisa walikamatwa, wakashikiliwa saa 58, kisha wakashtakiwa kwa kukiuka Mwongozo.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza haukuwa na mjadala: watu watoke kwanza. Tulipeleka maombi ya kuwataka walinzi wao wawafikishe mbele ya jaji na kueleza uhalali wa kuwashikilia. Kabla hayajasikilizwa, tisa wale walifikishwa mahakamani na kupata dhamana.

Wa pili ulitugombanisha. Mwenzetu mmoja, mzoefu kuliko sisi wote, alitaka hoja kubwa itangulie, yaani uhuru wa kukusanyika, haki ya kutoshikiliwa bila hakimu, na kipimo cha uwiano kinachouliza kama hatua ya serikali ina lengo halali, kama ni ya lazima, na kama madhara yake hayazidi faida. Alisema shauri la namna hii haliji mara mbili. Mimi nilitaka hoja nyembamba itangulie: sheria mama, yaani ile ya maafa ambayo Mwongozo ulidai kutoka kwake, haikumpa waziri uwezo huo, na hata kama ingempa, hati haikupita bungeni.

Hoja yangu ilitoka kwenye mashauri mawili. Mwaka 1765 huko Uingereza, maofisa walioingia nyumbani kwa John Entick na kuchukua karatasi zake walitetea hati ya waziri kwa kusema desturi ni ya siku nyingi na dola inaihitaji. Mahakama ilitaka kuonyeshwa sheria, na sheria haikuonekana. La pili ni la Marekani, 1952. Rais Truman alitwaa viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea ili mgomo usisimamishe uzalishaji. Majaji sita kwa watatu walisema hapana. Mahakama haikuhitaji kuamua kama vita ni muhimu au kama chuma kinahitajika. Ilitosha kwamba si Katiba wala Bunge lililompa Rais uwezo ule. Jaji anayeulizwa "je, hatari ilikuwa kubwa kiasi hiki?" huogopa kukosea, kwa kuwa hajui mambo ya mito. Akiulizwa "je, karatasi hii ina mama?" yuko nyumbani kwake.

Tuliafikiana hoja nyembamba itangulie na kubwa ifuate kama mbadala. Mwenzetu hakuridhika, na nitarudi kwake.

Wa tatu ndio uliookoa shauri. Nani awe mlalamikaji? Wale tisa walikuwa jibu jepesi. Mkazi mmoja, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetuuliza: "Na wakifutiwa mashtaka je?" Tukaongeza familia iliyozuiwa kurudi nyumbani na chama cha wakazi kilichokuwa na ombi la kibali lisilojibiwa. Siku ya tatu baada ya kufungua shauri, mashtaka dhidi ya wote tisa yaliondolewa, na wakili wa serikali akasimama kusema hakuna tena mgogoro wa kuamuliwa. Kwa wale tisa alikuwa na hoja. Kwa familia na chama hakuwa nayo, kwa sababu Mwongozo ulikuwa bado unawabana asubuhi ile ile.

Tuliomba pia zuio la muda. Likakataliwa, kwa sababu msimu wa mvua ulikaribia na jaji hakutaka kufungua milango ya majengo yanayoweza kuanguka. Wakati ule nilikasirika. Leo nadhani ningeamua kama yeye kwa kanuni ya 5, lakini si kwa ya 6 wala ya 9. Hakuna jengo linaloanguka kwa sababu watu 60 wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Mahakamani

Majaji walikuwa watatu na usikilizaji ulichukua siku mbili. Upande wa serikali haukuwa wa kubeza. Walileta hati za viapo za wahandisi zikionyesha nyufa za kingo, na wakaeleza kwamba watu wawili walikufa wiki za mwanzo kwa kurudi mapema. Hoja yao ilikuwa kwamba mto hausomi kalenda ya Bunge, na hatari haiishi kwa sababu miezi mitatu imetimia. Hiyo ni kweli. Ila katiba ilikuwa na njia ya kukabili ukweli huo: kurudi bungeni kuomba nyongeza. Katika siku mbili zile hatukupata jibu la kwa nini hawakurudi. Nadhani, na ni dhana yangu tu, kwamba nyongeza ya pili ilihitaji kura za upinzani, na wizara haikutaka kuulizwa kuhusu makazi ya muda.

Mvutano ulikatika mchana wa siku ya pili. Jaji mwenyekiti aliuliza kwa nini hati haikuwekwa mezani bungeni ndani ya siku 30. Wakili wa serikali akajibu kwamba hiyo ni sharti la kanuni, na hii si kanuni bali mwongozo. Jaji akaandika, kisha akauliza mwongozo humfunga nani. Wakili akasema huwaelekeza maofisa. Je, unamfunga mwananchi? Kimya kidogo. Kama haumfungi, wale tisa walikiuka nini? Na kama unamfunga, si ni kanuni? Mshika mawili moja humponyoka. Hapa yalimponyoka yote mawili.

Tulikuwa na vielelezo viwili ambavyo sikuviona kuwa na uzito hadi vilipotumika. Cha kwanza ni ile taarifa kwa Umoja wa Mataifa. Serikali ilikuwa imeandika kwa mkono wake kwamba dharura imekwisha. Cha pili ni barua ya katibu wa kamati ya Bunge ya sheria ndogo (kanuni zinazotungwa na mawaziri), mtumishi asiye na cheo kikubwa, ambaye kazi yake ni kuhesabu siku. Orodha za kila wiki zilipokoma aliiandikia wizara kuuliza zimekwenda wapi, akanakili kwa Spika. Hakujibiwa. Barua yake ya aya mbili ilinukuliwa kwenye hukumu mara nne, kuliko jambo lolote nililosema mimi.

Matokeo

Mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba Mwongozo hauna nguvu ya sheria. Kushikiliwa kwa wale tisa kulikuwa batili, na walilipwa fidia. Hoja ya haki za msingi ilipewa kurasa tatu na kuachwa bila kuamuliwa, kwa kuwa hoja nyembamba ilitosha.

Kisha likaja lile la mwisho. Ili kuepusha ombwe, mahakama ilisitisha ubatilisho kwa miezi 6 Bunge litunge sheria. Mbinu hii si ngeni. Mahakama Kuu Kabisa ya Canada iliitumia mwaka 1985, ilipokuta sheria za Manitoba ni batili kwa kutungwa kwa Kiingereza pekee. Kuzifuta papo hapo kungeliacha jimbo bila sheria, ikaziacha ziishi kwa muda hadi zitafsiriwe na kutungwa upya. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 172, inairuhusu waziwazi. Lakini usitishaji wa mahakama yetu ulitajwa kwa sentensi moja, bila kusema ni sehemu gani ya Mwongozo inayosalia.

Maofisa wakausoma kwa namna iliyowafaa: wote unasalia. Wiki iliyofuata chama cha wakazi kilinyimwa kibali tena, mara hii kwa barua iliyotaja hukumu yetu kama msingi wake. Nimekuwa wakili miaka mingi, na sijawahi kushindwa kwa kutumia shauri nililoshinda isipokuwa siku ile.

Tulirudi mahakamani kuomba ufafanuzi. Ilichukua wiki 9 kuupata: usitishaji ulihusu kuhamisha watu tu, si mikutano wala kuwashikilia watu. Sheria mpya ilipitishwa wiki moja kabla ya miezi 6 kwisha. Inaruhusu kuhamisha watu kwa amri inayopitiwa na hakimu ndani ya saa 48, haisemi lolote kuhusu mikutano, na inakufa yenyewe baada ya miaka miwili. Baadhi ya familia zimerudi. Nyingine zilikwisha kuhama kabisa walipokuwa wakisubiri, na kwao hukumu ni habari tu.

Uchambuzi

Watu hudhani tarehe ya mwisho ilishindwa, kwa kuwa madaraka yaliendelea baada yake. Naona kinyume. Tarehe ndiyo iliyomlazimisha mtu wizarani kutengeneza karatasi mpya, na karatasi mpya ndiyo iliyoacha alama za vidole: kanuni ya 11 inayotajwa lakini haipo. Bila kikomo, kanuni za awali zingeendelea kimya kimya, na tungelazimika kumshawishi jaji kwamba mto umetulia.

Kilichoshindwa ni ukaguzi wa mahali madaraka yalikohamia. Ufaransa ilitangaza hali ya hatari Novemba 2015 na kuimaliza tarehe 1 Novemba 2017. Siku mbili kabla, sheria ya kawaida ilitiwa saini ikiendeleza baadhi ya hatua zile, upekuzi na vizuizi vya mwendo vikiwemo, kwa sura mpya. Wapo waliolalamika, na nakubaliana nao kwa sehemu, kwamba dharura ilihamia sebuleni. Hata hivyo ilipitia mlangoni: wabunge walijadili na kupiga kura, na jina la kila mmoja liko kwenye kumbukumbu. Kwetu ilipitia dirishani, na kanuni moja iliyohusu kutoa hesabu ndiyo iliyoachwa nje. Sidhani aliyefanya hivyo alikuwa na njama kubwa. Nadhani aliona orodha za kila wiki ni usumbufu. Madaraka mengi hupoteza mipaka yake kwa njia hiyo ya uchovu.

Barua ya katibu ilifanya kazi kwa sababu alikuwa na wajibu uliotajwa, wa kupokea orodha kila Ijumaa. Orodha isipofika, kuna mtu anayejua kwamba haikufika. Wabunge zaidi ya mia walikuwa na mamlaka makubwa kuliko yake, ila hakuna aliyekuwa na Ijumaa.

Sasa makosa yetu. Nafuu tulizoomba ziliandikwa kwa sentensi moja: Mwongozo wote ubatilishwe. Tulijua mahakama husita kuacha ombwe wakati wa mvua, maana ilikwisha kutuonyesha ilipokataa zuio. Tulipaswa kuweka ombi mbadala: ikiwa mahakama itasitisha, isitishe kuhusu kanuni ya 5 peke yake, kwa masharti haya na haya. Jaji hawezi kuchagua chaguo ambalo hakuna aliyemwekea mezani. Zile wiki 9 ni zetu sisi mawakili, na nisingependa mtu azibebeshe mahakama.

Kuhusu yule mwenzetu aliyetaka hoja kubwa, nilimwona amekosea hadi hukumu ilipotoka, na bado naamini mpangilio wangu ndio ulioshinda. Lakini gharama yake ipo. Kwa kuwa mahakama haikusema kama kushikilia mtu saa 72 bila hakimu kunaendana na katiba, Bunge la kesho linaweza kuandika jambo lile lile katika sheria halali, likaliweka mezani na kulichapisha, na hukumu yetu haitakuwa na neno la kusema. Yeye aliliona hilo siku ya kwanza. Tulifunga dirisha na kuacha mlango kama ulivyokuwa.

Mara ya mwisho nilipofika katika ofisi ya wilaya, nakala ya Mwongozo ilikuwa bado imebandikwa ukutani, ukingo umegeuka manjano. Mtu alikuwa ameisahihisha kwa kalamu. Kila penye maneno "kama alivyoelezwa katika kanuni ya 11" palikuwa pamepigwa mstari nadhifu, na mengine yote yameachwa.